Kikombe cha nani?

Mwezi wa saba hapa Mwanza una tabia zake. Alfajiri upepo wa baridi unakuingia mbavuni, mchana ni vumbi, jioni nusu ya daladala inakohoa. Mwaka huu zamu yangu iliwahi. Siku ya tatu ya mafua, kichwa kizito kama gunia la dagaa mbichi, jirani akaniletea chupa ya mitishamba aliyoinunua stendi. Karatasi yake ilianza na mafua, ikapita kisukari, ikaishia kwenye nguvu za kiume. Chini kabisa: kunywa kikombe kimoja kutwa mara tatu.

Kikombe cha nani? Kabatini kwangu kuna kikombe cha kahawa cha mafunda mawili, na kuna kile cha chai ambacho mgeni akikimaliza haulizi tena chakula cha mchana.

Sikuinywa. Msinione msomi wa kujidai. Nimekunywa mwarobaini tangu sijaota meno ya mbele, na 2020 nilijifukiza nyungu kama wengine, blanketi kichwani, mkaratusi na malimau vikitokota, nikatoka na jasho na pua iliyofunguka. Ilifunguka kwa nusu saa. Ugomvi wangu ni na pande zote mbili, wanaosema mitishamba inatibu kila kitu na wanaosema huo ni ushamba. Wote wanabishania mti. Kipimo hakuna anayekiulizia.

Kipimo ndiyo habari yenyewe. Mama wa Kichina aitwaye Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria kwenye artemisia, jamii moja na pakanga. Majaribio yalikuwa yakimsumbua, leo yanafanya kazi, kesho hayafanyi. Akarudi kwenye maandishi ya mganga Ge Hong, ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakuta maelekezo: konzi moja ya majani, kiasi cha maji kimetajwa, loweka, kamua, kunywa. Kuchemsha hakukutajwa. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Jibu lilikuwa limekaa kwenye namna ya kuandaa, mahali ambapo sisi tunaandika "chemsha vizuri" na kusonga mbele.

Artemisia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kinywaji cha korona cha Madagascar ambacho Mei 2020 tulituma ndege kukifuata. Nyumbani nako NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, ikatoa dawa yake ya mitishamba, NIMRCAF. Vijiweni swali likawa moja: inatibu, haitibu? Kwa magonjwa ya virusi vya kifua swali hilo lina mtego, kwa sababu mafua mengi huondoka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Anayekunywa chochote siku ya nne atakisifia siku ya saba. Hata angekunywa maji ya ukwaju.

Usiniambie pia kwamba dawa imeua kirusi maabara. Kwenye kichupa hata sabuni inakiua kirusi cha korona, na hakuna anayekunywa sabuni. Klorokwini ilikizuia vizuri kwenye seli za maabara. Watafiti walipofika kwa wagonjwa Uingereza, kwenye jaribio la RECOVERY, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa haidroksiklorokwini, ndugu yake wa karibu, wengine wakapata matibabu ya kawaida tu. Juni 2020 jibu likatoka: haisaidii. Mwezi huohuo jaribio hilohilo likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi, inapunguza vifo kwa theluthi kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kanuni za kujaribu mitishamba kwa mtindo huo zipo. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na WHO na Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilizipitisha Septemba 2020. Lakini jaribio la namna hiyo haliwezi kuanza na "kikombe kimoja". (Ukitaka kucheka, kikombe cha Babu wa Loliondo mwaka 2011 kilikuwa na nidhamu kuliko chupa ya stendi: kimoja kwa kila mtu, shilingi 500, umemaliza.)

Kifua kilipoachia nikaenda Kirumba kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti, turubai chini, mizizi imefungwa kwa kamba za katani. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, "Mwangaluka, mama", akacheka, akaitika. Nikamuuliza dawa yake ya kikohozi.

"Majani ya mpera machanga, mchaichai, tangawizi. Funika sufuria, mwanangu. Ukiacha wazi unawapa dawa majirani."

"Nakunywa kiasi gani?"

"Kikombe."

Nikatoa mfukoni kile kikombe kidogo cha plastiki cha dawa ya kikohozi ya watoto, chenye mistari ya mililita. Nikamwomba ajaze kikombe chake kwa maji, kama anavyompa mgonjwa. Akavuta kikombe cha bati, rangi imebanduka upande mmoja, akamimina taratibu mpaka maji yakagusa pale palipobanduka, akaacha.

"Hapo ndiyo mwisho. Mtoto, nusu ya hapo."

Tukapima: vikombe vyangu vinane vya mililita 15. Nikamwaga, nikamwomba arudie. Vinane tena. Kile cha chai cha kwangu, nilivyokipima jioni, kinabeba ishirini na mbili.