Chakula cha Kifaransa Hakiliwi kwa Miguu

Mama mkwe wangu, Mpare wa Same, ana sheria moja isiyo na rufaa: mtu hali huku anatembea. Ukitoka jikoni na kiazi mkononi atakuita kwa majina yako yote, mpaka la babu, na utarudi ukakae. Nilimkumbuka sana Novemba iliyopita mjini Lyon, Ufaransa. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya barabara, baridi inakata masikio, mkono mmoja kijiti chenye kipande cha soseji, mwingine kikombe cha karatasi, namsikiliza mwongozaji akitueleza jinsi Wafaransa wanavyokiheshimu chakula. Na hapo nilikuwa nimelipa. Yuro 85, mimi peke yangu.

Matembezi ya chakula ya namna hii yamejaa kwenye miji ya Ulaya inayopokea watalii. Mnakusanywa watu wanane, kumi, mnapewa mwongozaji, mnazungushwa mitaani kwa saa nne, na kila mnaposimama mnaonjeshwa kitu. Sisemi ni utapeli. Ningekwenda tena, na nitaeleza kwa nini. Ila naona watu wanauziwa kitu kimoja na kupewa kingine, na kile wanachopewa kingekuwa kizuri zaidi kama wangeruhusiwa kuvuta kiti.

Aliyeniingiza humo ni wifi yangu. Anaishi Lyon mwaka wa nane sasa, anahudumia wazee, na miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga bouchon, ile migahawa midogo ya asili ya mji huo. Sababu ni kwamba wifi ni Msabato kweli kweli: nguruwe hapana, kilevi hapana, na chochote cha majini kisicho na mapezi na magamba hapana. Jumamosi haikuwezekana, mnajua wenyewe, tukachukua Ijumaa. Kwenye fomu alijaza masharti yake yote kwa herufi kubwa. Kumbe fomu na jiko havijuani.

Tulianzia Les Halles, soko la ndani lililopo Cours Lafayette tangu 1971, ambalo mwaka 2006 lilipewa jina la mpishi Paul Bocuse. Ukiingia usitegemee Kariakoo. Hakuna anayekuvuta shati, hakuna anayekuita anti. Vioo vinang'aa, nyama zimepangwa kama vito kwa sonara, na wauzaji wanakungoja umalize kutazama. Pale mwongozaji alitusimamisha mbele ya kuku wa Bresse, nikasahau baridi. Kuku analazwa na kichwa chake: kishungi chekundu, manyoya meupe yameachwa shingoni, miguu ya buluu. Bendera nzima ya Ufaransa iko hapo mezani. Jina lake limelindwa kwa sheria tangu 1957. Lazima atoke eneo hilo la Bresse, kaskazini-mashariki mwa Lyon, afugwe nje majanini, kila kuku awe na mita za mraba zisizopungua 10, na aachwe akue taratibu kwa karibu miezi minne.

Wifi akanigusa kwa kiwiko. "Wifi, huyu si kuku wa kienyeji tu?"

"Ni wa kienyeji, wifi. Ila huyu ana wakili."

Tukaanza kuonja. Kwanza rosette, soseji nene ya nguruwe iliyokaushwa, inakatwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Wifi akapewa jibini. Kisha grattons, mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa mpaka yakalia kama bisi mdomoni. Wifi akapewa jibini. Kituo cha tatu kilikuwa cha jibini yenyewe, saint-marcellin, kiduara kidogo laini kinachotaka kumwagika ukikichokoa, na wifi akapewa jibini kama sisi sote. Yeye naye alilipa yuro 85. Kampuni iliyotupeleka siitaji, lakini kama mmepokea masharti ya mteja na hela yake wiki tatu kabla, mtafutieni chakula. Soko hilo hilo lilikuwa na samaki wa magamba, mboga, mikate, kuku mwenye wakili. Kipande cha pole hakilingani na kipande cha soseji.

Tulipotoka sokoni kuvuka mto Rhône kwa daraja la Lafayette, ndipo mwongozaji, binti wa hapo hapo mjini, alipoanza kustahili hela zetu. Alituonyesha mlima wa Croix-Rousse kule juu. Lyon ina vilima viwili, na wenyeji husema kimoja kinasali, ndicho Fourvière chenye kanisa kubwa, na kingine kinafanya kazi. Kinachofanya kazi ndicho Croix-Rousse, walikoishi wafuma hariri wa karne ya 19, wanaoitwa canuts. Mitambo yao ya kufumia, iitwayo Jacquard, ilikuwa mirefu kiasi kwamba nyumba zilijengwa na dari za karibu mita nne. Mwaka 1831 waliteremka kupigania bei ya kazi yao, chini ya maneno yanayosema kuishi tukifanya kazi au kufa tukipigana.

Watu hao walishika kazi kabla ya alfajiri. Ikifika katikati ya asubuhi walikaa chini wakala mlo mzito uitwao mâchon: matumbo, soseji, jibini, na divai kwenye chupa ya kitako kizito ya sentilita 46 ambayo hadi leo inaitwa pot. Wenzangu kwenye kundi walishangaa, matumbo asubuhi? Mtu aliyewahi kunywa supu ya utumbo na chapati saa mbili asubuhi kabla ya kwenda kupakua mizigo hahitaji maelezo. Ni hesabu ile ile: sehemu za mnyama ambazo tajiri hazitaki, zinazoshikilia tumbo hadi jioni.

Kisha tukaingia kwenye bouchon, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tukakaa. Meza zimebanana, kitambaa cha mirabaraba, kiwiko chako kiko kwenye sahani ya jirani. Kikaletwa tablier de sapeur, maana yake aproni ya askari mhandisi. Usiogope jina. Ni utumbo wa ng'ombe, ule wenye matundu kama sega la nyuki, uliochemshwa, ukalowekwa, ukachovywa kwenye yai na chenga za mkate, ukakaangwa mpaka ukawa wa dhahabu. Nje unavunjika, ndani una ule mvuto wa utumbo unaojibu meno. Wamarekani wawili mbele yetu walikuwa wakitazamana kama watu waliopotea njia. Wifi uso ukamchangamka. "Utumbo!" Akakata kipande kikubwa, kisha, kwa mazoea yake, akamuuliza mwongozaji kimelowekwa kwenye nini.

"Divai nyeupe."

Uma ukarudi mezani.

"Lakini wifi," nikasema, "si pombe inaondoka kwa moto?"

"Imeondoka ikaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta sahani yake kwangu, nami sijutii.

Sasa hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumekaa dakika ishirini. Watu wameanza kuulizana majina, mzee mmoja wa Kiholanzi anasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipika ini, mwenye mgahawa amekuja kuegemea meza yetu, na binti anaangalia saa. Jamani, tusonge, kuna kituo kingine.

Mwaka 2010 UNESCO iliingiza mlo wa Wafaransa kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Wengi hudhani kilichoingizwa ni vyakula, yaani jibini na konokono na michuzi. Hapana. Kilichoingizwa ni tendo la kukaa pamoja kula siku ya jambo: meza iliyoandaliwa, kinywaji cha kufungulia, kisha angalau hatua nne zinazofuatana, kianzio, samaki au nyama na mboga, jibini, kitamu cha mwisho, halafu kinywaji cha kufungia. Na maongezi juu ya kile kinacholiwa. Utaratibu ndio urithi wenyewe. Sasa wewe unaniuzia mapishi ya asili ya Kifaransa, halafu unanipa soseji saa nne asubuhi nimesimama, utumbo saa sita kwa haraka, na kitamu saa saba njiani. Umenipa maneno yote ya sentensi, umeyachanganya.

Nitamtetea binti kwa jambo moja, nalo ndilo lililofanya nisirudi nyumbani na hasira. Tukielekea mto wa pili, Saône, alitusimulia habari za Eugénie Brazier. Alizaliwa 1895 kwenye familia ya wakulima, akafiwa na mama akiwa mtoto, akazaa kabla ya ndoa, akaja Lyon kutumika nyumbani kwa watu. Akajifunza upishi kwa mwanamke aliyeitwa Mère Fillioux, na mwaka 1921 akafungua mgahawa wake mdogo, namba 12 rue Royale. Mwaka 1933 migahawa yake miwili, huo na wa pili kule mlimani Col de la Luère, ilipewa nyota tatu kila mmoja na kitabu cha Michelin, kile kinachopima migahawa kwa nyota, na tatu ndiyo kilele. Hakuna mpishi aliyewahi kufika hapo kabla yake, wa kiume wala wa kike. Miaka miwili baadaye mwandishi wa mambo ya chakula aliyejulikana kwa jina la Curnonsky akautangaza mji huo kuwa makao makuu ya chakula duniani.

Mère maana yake ni mama, na Lyon walikuwa na kina mama wengi wa aina hiyo, wapishi wa majumbani waliotoka jikoni kwa mabwana wakafungua kwao. Wapishi wetu wa pembeni mwa barabara nao tunawaita kwa neno hilo hilo, mama lishe, mama ntilie, na kama wao, heshima ya jina ni kubwa kuliko heshima ya mfuko. Paul Bocuse mwenyewe alipitia jikoni kwa Mère Brazier akiwa kijana, baada ya vita. Kwa hiyo soko tulilotoka lina jina la mwanafunzi.

Habari hiyo binti aliisimulia akitembea kwa kasi, sisi tukimfuata kama vifaranga, mabasi yakipita, na nusu ya kundi hawakusikia. Habari kama hiyo inataka kiti.

Ng'ambo ya Saône, kwenye mji wa kale, tulipitishwa traboule, njia ya ndani kwa ndani inayopenya majumba kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Hiyo ya kwetu inaanzia 54 rue Saint-Jean ikatokea 27 rue du Bœuf. Nzuri, giza, inanuka mawe mabichi. Mwisho wa yote tukaonjeshwa lozi zilizovikwa sukari nyekundu, ambazo kwa mbali niliapa ni ubuyu wa Zanzibar. Wao wanaziponda wanatengenezea keki bapa ya waridi, tamu ya kuuma meno. Hii wifi alikula mbili.

Basi ukiniuliza kama uende, nenda, lakini nenda siku yako ya kwanza mjini na uende kwa masikio. Binti alitwambia wazi migahawa ipi ya rue Saint-Jean imejipamba tu kwa ajili ya wageni, na kwamba kuna kibandiko cha bouchon halisi cha kutafuta mlangoni. Hilo peke yake ni akiba ya pesa. Kabla ya kulipa, usiulize kuna vituo vingapi, uliza mtakaa mara ngapi. Kadiri vituo vinavyozidi ndivyo unavyokula kidogo, na wanaojisifu kwa vituo kumi wanakuuzia mazoezi.

Sisi tulirudi wenyewe Jumamosi, Sabato ilipokwisha. Novemba jua la Lyon linazama saa kumi na moja, tukangoja mpaka saa moja na nusu maana kabla ya hapo jiko halijafunguliwa, tukakaa hadi karibu saa nne. Wifi aliagiza quenelle, tonge refu laini la nyama ya samaki aitwaye brochet, wa mtoni, mwenye magamba na miba isiyohesabika, ndiyo maana wakaamua kumponda. Akaomba waiache sosi ya Nantua, inayopikwa kwa kamba wa mtoni. Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alimtazama kama aliyeombwa ampe pilau bila bizari. Quenelle bila sosi? Kwa nini? Wifi akamweleza kwa Kifaransa chake, taratibu, kuanzia Walawi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Akaondoka. Akarudi na quenelle iliyopakwa siagi tupu, na pembeni bakuli ambalo hatukuliagiza: jibini bichi jeupe lililosagwa na kitunguu saumu na majani mabichi ya kitunguu. Linaitwa cervelle de canut, ubongo wa mfuma hariri. Hamna ubongo wowote ndani.

Wifi aliomba mkate wa pili, akafuta bakuli mpaka likang'aa.

"Wifi," akasema, "huu ubongo ni safi."