Kompyuta Yangu, Ruhusa ya Mpwa

Kompyuta nimeinunua kwa fedha yangu na LUKU naiwekea mimi, lakini leo asubuhi nilipotaka kuiongezea programu ya GIMP ili nirekebishe picha za zabibu za shemeji, Ubuntu, mfumo unaoiendesha, ilinijibu kwamba faili la kufuli halifunguki, ruhusa imekataliwa, kisha ikaniuliza bila haya kama mimi ni ruti, yaani mkuu wa mfumo. Nikatanguliza neno sudo, la kuomba amri ipite kwa mamlaka ya msimamizi, kama watu waungwana wafanyavyo. Ikasema jina langu halimo katika orodha ya wanaoruhusiwa, na kwamba tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa wapi, Mtumba kwenye Mji wa Serikali?

Fundi mmoja wa Majengo alinishauri nipige chmod 777 kila mahali, yaani kila apitaye asome, aandike na aendeshe atakacho, nikamshukuru, nikaondoka.

Aliyeisimika mashine hii ni mpwa wangu, ambaye alijiandika msimamizi, akaniandika mimi mjomba wake mtumiaji wa kawaida, kisha akahamia Kondoa. Nikampigia nikiwa barazani, maana ndani mtandao haushiki.

"Shikamoo mjomba. Ili uingie kama mimi, andika su, kistari, jina langu, halafu nywila."

"Marahaba. Mbona haiandiki?"

"Inaandika mjomba, ila haionyeshi."

"Hata vinyota?"

"Hata vinyota. Haya: D kubwa, o ndogo, alama ya reli."

"Reli ipi, ya SGR au ile ya zamani?"

"Mjomba, ile alama ya kwenye simu, ya kuangalizia salio!"

Ikakataa. Tukaanza upya, yeye akitaja na mimi nikirudia kwa sauti inayomfikia mtu wa Kondoa hata bila simu, hadi mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akaingilia: "Baba, amesema o ndogo, wewe unaandika sifuri." Ikakubali. Kwa hiyo nywila ya msimamizi sasa inajulikana Nkuhungu nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nanyimwa ruhusa kwa sababu za kiusalama!

Tukaandika sudo usermod -aG sudo na jina langu, amri ya kuniingiza kwenye kundi la wasimamizi, nikadhani yamekwisha. Hapana: cheo kipya hakitambuliki mpaka utoke kabisa, kisha uingie upya. Nimetoka. Kabla sijaingia, mama maandazi amevuka barabara na daftari lake la madeni, akisema kwamba mtu mwenye cheo halipi mwisho wa mwezi.