Redio ya setelaiti ikikata, acha kulaumu setelaiti

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva wetu huku Marekani haipiti wiki hujamkuta mtu analia kuwa redio ya setelaiti ni wizi mtupu, analipia kila mwezi afu inakata kila akikunja kona, na chini yake watu kumi wanamjibu eti setelaiti zenyewe zimechoka. Mi nabisha. Setelaiti ndo kitu cha mwisho kabisa kulaumu. Mara nyingi tatizo liko juu ya kichwa chako hapo hapo, kwenye antena, kile kidude cha plastiki juu ya paa wanachokiita pezi la papa, au kwenye waya wake.

Nina sababu ya kusema hivi. Desemba 2020 SiriusXM, kampuni yenye redio hizi, walirusha setelaiti mpya, SXM-7, na Januari 2021 wakiwa bado wanaifanyia majaribio ikafa huko huko angani. Mzigo ambao bima yake ilikuwa dola milioni 225. Nani alijua? Barabarani hakuna aliyestuka, maana zile za zamani, XM-3 na XM-4 ambazo wenyewe walizibatiza Rhythm na Blues, ziliendelea kupiga kazi mpaka SXM-8 ikarushwa Juni mwaka huo huo na hiyo ikakaa vizuri. Yaani setelaiti nzima imekufa na redio hazikukata, afu ya kwako inakata ukiingia mtaa wa kwenu tu, hapo kweli utasema ni setelaiti?

Tatizo watu wanaichukulia kama FM. FM ina mnara mahali fulani mjini, mawimbi yanapita pembeni ya jengo, yanagonga hapa yanarudi pale, utashika hata kwa kukwaruza. Hii ya setelaiti haina kukwaruza, ni ipo au haipo. Yeyote aliyewahi kupanda juu ya bati nyumbani kugeuza dishi anajua mwembe wa jirani unavyoweza kukunyima mpira, na hapa ni habari ile ile, tofauti ni kwamba dishi lako linatembea maili 65 kwa saa. Setelaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita kama 36,000, kwahiyo ukiwa Marekani ziko upande wa kusini, na ukiwa kaskazini kama huku Minnesota zinakuwa chini kiasi kwamba hazifiki hata nusu ya njia kwenda utosini. Mti wowote mrefu upande wa kusini wa barabara unakukinga. Mawimbi yenyewe yako 2,320 hadi 2,345 MHz, na majani mabichi yakiloa mvua yanayanywa vibaya sana. Mtaani kwetu ni miti mikubwa kushoto kulia, na Julai redio ni kimya, neno moja, kimya, neno moja, mpaka nitokee barabara kubwa. Januari miti imebaki vijiti, theluji kila mahali, baridi ya kukata masikio, na redio inaimba bila shida. Ila hiyo theluji ikiwa ya majimaji afu ikakaa juu ya antena ndo utajua hujui, toka nje uipanguse.

Kitu kingine watu hawakijui ni zile sekunde kama 4. Matangazo yanatumwa mara mbili, moja limechelewa kidogo nyuma ya lingine, na redio inatunza hizo sekunde ili ukipita chini ya daraja izibie pengo. Piga hesabu sasa, maili 65 kwa saa kwa sekunde 4 umeshaenda zaidi ya mita 100, daraja gani la juu ya haiwei lina upana huo? Ndo maana ukiwa unakimbia husikii kitu, lakini foleni ikikukamata chini ya daraja lile lile redio inazima, na we unaanza kusema jana ilikuwa nzima leo imeharibika. Haijaharibika, umesimama tu. Vivyo hivyo ukiwa unajaza mafuta chini ya lile paa la sheli.

Na msishangae kwanini katikati ya Chicago pamejaa maghorofa inashika afu huko pembeni kwenye nyumba za watu haishiki. Mijini wameweka repita, mitambo ya ardhini inayorusha matangazo yale yale. Huko kwenye miti hakuna repita, unaitegemea anga peke yake.

Wenye traki nao wana yao. Antena ikifungwa kwenye kioo cha pembeni, kichwa cha gari chenyewe kinaikinga upande mmoja. Chukua I-35 kutoka Texas unapanda kaskazini, kusini iko mgongoni kwako, na mgongoni kwako kuna kitanda, kuna lile paa la kukata upepo, kuna trela. Geuza gari urudi kusini inashika freshi. Mtu anaona ni mazingaombwe, wakati ni antena imefungwa mahali pabaya. Kwa gari ndogo wenye ile antena ya sumaku, tafadhali iwekeni juu ya bati, katikati ya paa ikiwezekana, siyo juu ya dashibodi ukiombea kioo kiiruhusu. Na ukifunga sanduku au godoro juu ya paa usinipigie simu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi haswa. Binamu yangu redio ya gari lake ilikuwa inaandika "Check Antenna", inakaa sawa siku mbili tatu, mvua ikinyesha inaandika tena. Akapeleka kwa dila, hao wauza magari wenye gereji yao, sitawataja, wakaunganisha kompyuta yao, wakamwambia redio nzima ibadilishwe, bei inakaribia dola elfu moja. Redio! Wakati kioo chenyewe cha redio kinakwambia kwa Kiingereza cha darasa la tatu angalia antena. Nikamwambia dada usilipe hata senti, tukaenda kwa fundi mmoja Mkongo ambaye ana gereji yake ndogo tu, akashusha kitambaa cha dari kwa nyuma, akachomoa konekta na kutuonyesha. Pini ya katikati imeota ukijani, ile kutu ya shaba, na mpira unaokaa chini ya pezi umepasuka upande mmoja, maji yanaingilia hapo. Akasema, "Ndugu yangu, redio iko mzima, ni antena njo iliingiza mayi." Antena nyingine na mpira mpya, ikaisha hiyo.

Kwahiyo kabla hujatoa hela soma kioo cha redio. Kikisema angalia antena, huo ni waya umekatika, umebanwa au umeota kutu, na hata ukisimama jangwani Nevada hautapona. Kikisema "No Signal" au kinatafuta tu, hapo ni anga, sogea mahali peupe usubiri. Na kama zinashika chaneli za bure tu na zingine zinasema hujalipia, hiyo ni akaunti, nenda chaneli 0 uchukue namba ya redio, uombe waitumie upya ule ujumbe wa kuifungua, ila gari liwe nje na redio imewashwa, maana kuna watu wanaomba wakiwa parking ya chini ya jengo afu wanakasirika.

Kitu kimoja huwa nakiwaza. Afrika tulikuwa na yetu, WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, setelaiti yao AfriStar ilirushwa Oktoba 1998, kabla hata hawa wa huku hawajaanza kutangaza. Nairobi ingekuwa juu sana angani, karibu na utosini, miti isingesumbua kama huku. Ila redio zao nyingi zilikuwa za mezani, siyo za gari, na kiantena bapa unachokielekeza mwenyewe, na 2008 wakafilisika. 

Je inafaa kulipia? Kama unaendesha mjini tu, kazini na nyumbani, mi naona unachezea hela, bando la simu linatosha na utasikiliza hata stesheni za Dar na Mombasa humo humo. Lakini kama unavuka Wyoming au Montana usiku, mahali simu inaonyesha haina mtandao saa nzima, hakuna mbadala. Magari mapya yana mfumo wa 360L unaochanganya setelaiti na intaneti, moja ikikosekana inashika nyingine kwa zile chaneli zilizopo kote kote, ilianzia kwenye Ram 1500 ya 2019, na ni kitu kizuri kiukweli, ila nao unategemea pezi lile lile la juu ya paa. Ukienda kununua gari lililotumika, mwambie muuzaji alitoe nje ya jengo, washa redio, bonyeza chaneli 1, afu zunguka nalo upande wenye miti kabla hujasaini chochote.