Majedwali Yamejaa, Makala Bado ni Mbegu

Juma lililopita nilikadiria ubora wa makala moja ya Wikipedia kuhusu mashindano ya Olimpiki ya kalingi, mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu kuelekea kitovu cha duara, nikaipa daraja la chini na kueleza sababu zangu kwenye ukurasa wa majadiliano. Kabla ya siku kuisha mhariri mwingine alikuwa ameipandisha madaraja mawili bila kuongeza hata sentensi moja, akaandika kwamba matokeo yote yamo na kila tokeo lina rejeo lake. Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma nazidi kuamini kwamba sisi tunaokadiria makala za michezo tumemsahau mtu tunayemfanyia kazi hii.

Ni kweli, matokeo yote yalikuwamo. Kila mechi ilikuwa na jedwali lake, awamu zote 10 zimepangwa safu kwa safu (awamu huisha timu zote mbili zikishatupa mawe yao yote, ndipo pointi huhesabiwa), pamoja na alama ya kuonyesha timu iliyoanza ikiwa na jiwe la mwisho, yaani haki ya kutupa ya mwisho katika awamu. Kilichokosekana ni masimulizi ya kilichotokea. Tuchukue fainali ya wanaume ya Pyeongchang mwaka 2018. Jedwali linasema kwamba Marekani iliifunga Uswidi 10–7 na kwamba katika awamu ya nane ilipata pointi 5. Anayeujua mchezo atashtuka akiiona hiyo 5, kwa kuwa pointi nyingi kiasi hicho hazipatikani kwa urahisi katika awamu moja ya fainali. Asiyeujua ataipita kama alivyozipita tarakimu zilizo jirani yake. Jedwali halimwambii kwamba timu zilikuwa sare 5–5, kwamba nahodha wa Marekani, John Shuster, kwa jiwe lake la mwisho aliyagonga mawe mawili ya Uswidi na kuyaondoa, wala kwamba timu hiyohiyo ya Marekani ilikuwa imeshindwa mechi 4 kati ya 6 za mwanzo na ilikaribia kabisa kuaga mashindano.

Hata hivyo, inayonisumbua zaidi ya hiyo 5 ni sifuri. Timu yenye jiwe la mwisho ikiona kwamba itaambulia pointi 1 tu, mara nyingi huamua kwa makusudi kuliacha duara likiwa tupu, kwa sababu ikipata pointi haki ya jiwe la mwisho inahamia kwa wapinzani, na awamu ikiisha bila pointi haki hiyo inabaki kwake. Sifuri hiyo ni uamuzi uliopimwa, na wakati mwingine ndiyo iliyoamua mechi, lakini jedwali linamwonyesha msomaji awamu ambayo hakuna lolote lililofanyika. Katika mchezo wa wawili mchanganyiko, yaani mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kila timu, ulioingia Olimpiki mwaka huohuo wa 2018, sifuri ina maana iliyo kinyume, kwa kuwa timu iliyokuwa na haki ya kuamua mpangilio wa mawe yanayowekwa barafuni kabla ya awamu kuanza huipoteza awamu ikiisha bila pointi. Alama moja, maana mbili, na makala zetu hazisemi neno. Ndivyo ilivyo pia kwa herufi ya X inayojaza safu za mwisho: katika fainali ya wanawake ya mwaka 2022, ambayo timu ya Eve Muirhead wa Uingereza iliifunga Japani 10–3, awamu ya kumi haikuchezwa kwa sababu Wajapani walikubali kushindwa na kutoa mkono, na kutoa mkono mapema ni sehemu ya adabu ya mchezo huu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba majedwali yana faida zake. Tarakimu ni rahisi kuhakikiwa, ilhali aya za makala za michezo mara nyingi hugeuka sifa tupu zilizookotwa magazetini, na wapo wahariri wanaokesha wakijaza pointi mechi ikiwa bado inaendelea. Ninawaheshimu. Lakini vigezo sita vya daraja B, mojawapo ya madaraja ya ubora wa makala za Wikipedia, ambavyo sote tunadai kuvifuata, vinataka pia makala ieleweke, na orodha isiyofafanuliwa haifikii kigezo hicho hata ikiwa na marejeo mia.

Orodha ya medali nayo ina tatizo lilelile. Inaanza na Chamonix mwaka 1924, Uingereza ikiwa na dhahabu, Uswidi fedha na Ufaransa shaba, kisha inaruka hadi Nagano mwaka 1998. Msomaji anastahili kuambiwa kwamba katikati mchezo huu ulikuwapo kama maonyesho tu, mwaka 1932, 1988 na 1992, na kwamba hata medali za Chamonix zilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa za maonyesho, hadi mwaka 2006, gazeti la The Herald la Glasgow lilipolifuatilia suala hilo na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikathibitisha kwamba zilikuwa medali kamili.



Makala ile sikuishusha tena, kwa sababu kupandishiana na kushushiana madaraja hakumsaidii msomaji hata mmoja. Nimeanza kuandika aya ya fainali, awamu kwa awamu. Nimefika ya tatu, ambayo ina sifuri pande zote mbili, na hiyo peke yake imenichukua sentensi nne.