Kadi ya Vidole Iliyokwama: Sutherland Springs na Mabishano ya Bunduki

Sutherland Springs ni kijiji cha watu mia chache, kilomita zipatazo 50 kutoka San Antonio, Texas. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2017, mwanamume wa miaka 26 alilivamia kanisa la Kibaptisti la hapo na kuwamiminia waumini risasi. Walikufa 26, akihesabiwa mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake. Polisi waliokota magazini 15 tupu, kila moja ya risasi 30.

Wanaotetea haki ya kumiliki bunduki hawakosi ushahidi hapa. Jirani wa kanisa, mkufunzi wa shabaha, alitoka kwake pekupeku na bunduki aina ya AR-15 mkononi, akampiga muuaji. Muuaji alitoroka kwa gari, akafukuzwa, akajipiga risasi. Wanaotaka udhibiti hujibu kwamba waliokufa ndani walikuwa wamekwisha kufa, na kwamba bunduki iliyowaua ni ya jamii ileile. Yote mawili ni kweli, ndiyo maana ubishi huo hauishi. Kwangu mimi, swali zito liko mbali na uwanja wa kanisa, mezani kwa karani.

Muuzaji mwenye leseni humpa mnunuzi ajaze fomu 4473, fomu ya serikali ya ununuzi wa bunduki, hukagua kitambulisho, kisha huuliza mfumo wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, uitwao NICS, ulioanza kazi Novemba 1998, kama mnunuzi huyo amekatazwa bunduki. Jibu ni moja kati ya matatu: uza, usiuze, subiri. Akiambiwa asubiri na siku tatu za kazi zikapita kimya, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamruhusu kuuza. Mfumo wenyewe haupelelezi mtu. Unajua kile tu ulicholishwa.

Muuaji huyu alikuwa askari wa Jeshi la Anga. Mwaka 2012 mahakama ya kijeshi ilimfunga miezi 12 kwa kumpiga mkewe na kumjeruhi mtoto wake wa kambo, kosa lililomfungia mlango wa kununua bunduki kisheria. Jeshi lilipaswa kuipelekea FBI alama zake za vidole na taarifa ya hukumu. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alihesabu nafasi sita zilizopotezwa: nne za alama za vidole, mbili za hukumu. Tena hakuwa mgeni wa tatizo hilo, maana ripoti za ofisi yake za 1997 na 2015 zilishaonya kwamba majeshi hayapeleki kumbukumbu hizo. Kwa hiyo Aprili 2016 muuaji alipofika dukani, mfumo ulijibu: uza.

Hapo msemo wa watetezi wa bunduki, "tekelezeni kwanza sheria zilizopo", una uzito, na upande wa udhibiti haupaswi kuupuuza. Lakini ufuatilie msemo huo hadi mahakamani uone ulivyogeuka.

Familia za waathirika zilipoishtaki serikali, mawakili wa Wizara ya Sheria walidai kwamba hata angekataliwa dukani, angepata silaha kwingine. Serikali inayoendesha ukaguzi ikasimama kusema ukaguzi usingemzuia! Hoja hiyo haikuwa ya kubuni tu: Texas, mtu binafsi anayemuuzia mwenzake bunduki halazimiki kuuliza NICS chochote. Jaji Xavier Rodriguez aliikataa. Julai 2021 aliibebesha serikali asilimia 60 ya lawama, na Februari 2022 akaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 230. Serikali ilikata rufaa, kisha mwaka 2023 wakapatana kwa dola milioni 144.5.

Duka lilipona mapema, ingawa waliolishtaki walikuwa na hoja. Muuaji alionyesha kitambulisho cha Colorado, ambako magazini ya zaidi ya risasi 15 ni marufuku, naye akauziwa bunduki yenye magazini ya 30. Mahakama ya Juu ya Texas ilitupa kesi dhidi ya duka Juni 2021, kwa sheria ya 2005 inayowakinga wauzaji wa bunduki wasishtakiwe.

Bunge la Marekani liliziba tundu la karani: sheria ya Machi 2018 inazitaka idara za shirikisho kuthibitisha mara kwa mara kwamba zinapeleka kumbukumbu. Muuzaji binafsi, yule ambaye mawakili wa serikali walimtaja kama njia ya pili ya muuaji, sheria hiyo haikumgusa.