Mjapani wa Mwakirunge

Marehemu babu alituachia ekari kumi na mbili huko Mwakirunge, nyuma ya Kisauni, pamoja na ng'ombe wanane ambao yeye, bila kutania, aliwaita "ranchi". Mimi ndiye niliyeamua kwamba ranchi hiyo itazaa Wagyu.

Niliitangaza azma yangu barazani Kibokoni mbele ya ami, ambaye huchoma mishkaki kila baada ya magharibi. Nilimweleza kwamba neno wagyu maana yake ni ng'ombe wa Kijapani tu, kwamba fahali wanne wa aina hiyo walifikishwa Marekani mwaka 1976, na kwamba nyama yao hupewa alama kuanzia 1 hadi 12 kulingana na jinsi mafuta yalivyojichora ndani ya mnofu. Mafuta hayo, nikaongeza kwa fahari, huyeyuka kwa joto dogo kuliko mafuta ya ng'ombe wetu. Ami aligeuza mishkaki yake, akafikiri, akasema: "Basi yatamwagikia makaani, na jiko langu lishike moto. Haya, endelea."

Fahali mzima sikuweza hata kumwota, hivyo nilinunua mirija miwili ya mbegu kwa bei ya mbuzi wawili walionona. Mrija mmoja hubeba nusu mililita tu, na hukaa ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwani mbegu ikikaa nje ya baridi hiyo hufa. Kwa kuwa shambani hapana mlango wenye kufuli la kuaminika, mtungi niliuweka nyumbani Kibokoni, nikingojea mtamba wetu wa Jersey aingie joto. Niliwaonya watu wote wa nyumba wasiuguse, ila sikuona haja ya kuwaeleza sababu.

Siku mtamba alipoanza kuwapanda wenzake asubuhi, nilimwita mtaalamu, naye akafika jioni, maana ndivyo saa zinavyohesabiwa: joto la asubuhi, mbegu ya jioni. Aliuchovya mrija katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 kwa muda usiotimia dakika, akaukausha kwa karatasi, akaukata ncha, akautia katika chuma chake chembamba, kisha akaingiza mkono wa kushoto, uliovaa glavu hadi begani, mahali ambapo mtamba hakutarajia mgeni. Mrija wa pili aliutumia papo hapo kwa tahadhari. Nilimpiga picha yule mtamba akitafuna nyasi kama kwamba hakuna lililompata.

Siku ya 21, ambayo ndiyo siku ya kuangalia kama ng'ombe amerudi joto, nilikuwa Lamu harusini, nikamwamini mchungaji aliyenijibu kwa simu kwamba mtamba ametulia kabisa. Alikuwa ametulia, ni kweli. Sikuuliza ni nani aliyemtuliza.

Mimba ya ng'ombe wa Wagyu huchukua takriban siku 285, nami nilizihesabu kama anayehesabu siku za kuandama mwezi wa Idi. Zilipotimia, hapakuzaliwa kitu. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Ami, ambaye kwa wakati huo alikwisha kuwaahidi wateja wake mishkaki ya Kijapani, alinituliza kwa kusema kwamba huenda mzigo umekwama bandarini Kilindini, na kwamba nisubiri karatasi zikamilike.

Wiki ya tatu mtamba akazaa. Ukoo mzima ulipanda matatu mbili kwenda kumpokea mgeni, shangazi akiwa na kapu la mahamri. Nilikuwa nimewaeleza wote kwamba atakuwa mweusi tititi, kwa sababu mbegu ni ya Wagyu mweusi, na kwamba Mjapani hana nundu. Ndama aliyesimama mbele yetu kwa miguu inayotetema alikuwa mwekundu kama udongo wa Taru, ana baka jeupe la duara utosini mithili ya kofia ya kiua, na mabegani pake, wallahi, pamefura kinundu kidogo kilichotikisika kila alipokohoa.

Kimya kilitanda. Ndipo shangazi alipolitua kapu chini na kusema, kwa sauti ya mtu aliyebeba amana nzito kwa miezi kumi: "Mwanangu, ule mtungi wako ulikuwa ukiungua."

Kumbe siku moja alikuwa akifagia chumbani mwangu, akaufunua kuona kilichomo, na moshi mweupe ukamwagika ukitambaa sakafuni. Kwanza alisoma Ayatul Kursi. Moshi ulipokataa kuondoka, akatambua kwamba si jini bali ni moto, akaitoa ile mirija kwa koleo la makaa na kuikimbiza jikoni, akaitia ndani ya friza baina ya kamba na barafu za ukwaju, ili ipoe. Baada ya saa moja, alipoona imepoa vya kutosha, aliirudisha mtungini na kuufunika vizuri. "Sikutaka uingie hasara," akasema.

Sikupata jibu, kwani wakati huo jirani yetu alikuwa amekwisha kufika akipita kwenye pengo la ua ambalo sikuwahi kuliona. Nyuma yake alisimama fahali wake mwekundu, mwenye baka jeupe utosini. Jirani alimtazama ndama, akapapasa kinundu, akawasalimu wazee wote kwa mkono, kisha akaniuliza kwa upole kama ada ya fahali nitailipa taslimu au kwa simu.