Kufuta kache si kazi ya mhariri

Mhariri amesahihisha habari, amebonyeza kitufe cha kuchapisha, na mfumo umemjibu kwamba kazi imekamilika. Anafungua tovuti: kosa lilelile liko palepale. Anapakia ukurasa upya mara kadhaa, wapi! Anampigia fundi, na fundi anamwambia afute kache ya kivinjari chake, yaani nakala za kurasa zilizotunzwa ili zifunguke haraka. Akishafuta na hali ikabaki ileile, anaelekezwa kwenye kitufe kingine kilichojificha ndani ya menyu ya usimamizi, kitufe cha kufuta kila kitu, na tangu siku hiyo anatakiwa akibonyeze kila anapochapisha.

Napinga utaratibu huu moja kwa moja. Mfumo ukishasema "imechapishwa", anayefungua ukurasa baada ya hapo ana haki ya kuona kilichochapishwa. Kama kuna akiba ya muda inayomzuia, mwenye jukumu la kuiondoa ni yule aliyeiweka, tena aiondoe kwa msimbo. Mhariri kazi yake ni maneno. Hakuajiriwa kukumbuka tulikoficha nakala zetu.

Niseme wazi ni kache ipi ninayoizungumzia. Mifumo mikubwa ya kusimamia maudhui inakuja na kache zake za ndani, na kwa kawaida inajua kuzifuta. Shida inaanzia kwenye zile tunazoongeza wenyewe. Menyu kuu inahitaji maulizo mengi ya hifadhidata, basi msanidi anaitunza kwenye kumbukumbu ya seva. Baadaye inafuata orodha ya habari mpya, kisha idadi ya makala kwa kila mada, kisha jedwali la anwani za zamani zinazoelekezwa kwenye mpya. Tovuti inakuwa nyepesi na kila mtu anafurahi. Lakini mfumo haujui kwamba vitu hivyo vipo, na hautavigusa mpaka ufundishwe. Kwangu mimi, msimbo unaoweka kitu kwenye kache bila kuonyesha kitaondolewa na nini ni kazi nusu, na haupaswi kupita kwenye ukaguzi.

Kuna wenzangu wanaosema wekeni muda wa kuisha tu, dakika tano, mambo yajiendee. Kwa orodha ya makala zinazosomwa zaidi nakubali, hakuna anayeumia. Ila dakika hizo zina tabia ya kujumlishana. Kama msimbo wako unashika menyu kwa dakika 5, na mbele yake kuna seva ya kache inayoshika ukurasa mzima kwa dakika 10, seva ile ya mbele inaweza kuchukua ukurasa sekunde chache kabla ya menyu kuisha muda, halafu ikaendelea kuutoa kwa dakika 10 nyingine. Hapo umeshafika karibu robo saa, na hukumwahidi mtu robo saa. Tena fikiria kinachosahihishwa ni nini. Inaweza kuwa kipimo cha dawa kilichoandikwa vibaya, au jina la mtu lililohusishwa na jambo asilolifanya. Kila anayesoma ndani ya dakika hizo anaondoka na uongo ambao mhariri alishaufuta. Ndiyo maana nasema muda wa kuisha uwepo kama kinga ya mwisho, iwapo njia nyingine zote zitashindwa, na kazi yenyewe ifungwe kwenye tukio la kuchapisha, yaani ishara ambayo mfumo unaitoa ndani yake pale uchapishaji unapofanyika.

Kuifunga kwenye tukio, hata hivyo, kuna mitego, na mfano ninaoupenda ni Sitecore, mmoja wa mifumo ya kusimamia maudhui, kwa sababu unaonyesha mtego mkubwa kuliko yote. Wahariri wanafanya kazi kwenye seva ya usimamizi. Wasomaji wanahudumiwa na seva za uwasilishaji, ambazo mara nyingi ni kadhaa. Maudhui yanayohaririwa yanakaa kwenye hifadhidata iitwayo master, na kuchapisha maana yake ni kuyanakili kwenda kwenye ile iitwayo web. Kunakili kukimalizika, seva iliyofanya kazi hiyo inatangaza tukio la publish:end. Msanidi anafunga kifutaji chake hapo, yaani msimbo wa kufuta kache, anakijaribu kwenye kompyuta yake ambako seva zote ni moja, kinafanya kazi vizuri kabisa. Kikipelekwa kwenye mazingira halisi, kinasafisha kache ya seva ambayo hakuna msomaji anayeigusa, na zile zinazohudumia watu zinabaki na mambo ya jana.

Seva za uwasilishaji zinasikiliza tukio jingine, publish:end:remote, linalozifikia kupitia foleni ya matukio iliyomo kwenye hifadhidata. Kifutaji kinatakiwa kisajiliwe kwenye yote mawili, kama Sitecore yenyewe inavyofanya na kifutaji chake cha kache ya HTML. Kisha uangalie jambo la pili: taarifa zinazokuja na tukio la mbali hazina umbo sawa na za lile la kwanza. Msimbo uliozoea kupokea umbo moja unaanguka upande wa pili, na kwa kuwa unaangukia kwenye seva ambayo msanidi haifungui mara kwa mara, kosa linakaa kwenye logi, yaani faili ambamo seva inaandika inachofanya, bila kusomwa. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Unapakia ukurasa unaona habari mpya, unapakia tena unaona ya zamani, unapakia tena mpya. Ukiona hivyo usikisumbue kivinjari. Kuna seva ambayo haikupata habari.

Kwenye WordPress, mfumo mwingine wa aina hiyo, mtego uko kwingine. Wengi wanakimbilia tukio la save_post, ambalo linaitwa hata rasimu inapohifadhiwa, kwa hiyo kache inasafishwa bure huku mhariri bado anaandika sentensi ya kwanza. Tukio la transition_post_status ni bora kwa sababu linakupa hali mpya na hali ya zamani pamoja, na hapo unaweza kutofautisha rasimu iliyogeuka kuwa habari na habari iliyogeuka kuwa rasimu. Hili la pili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Watu wanajaribu kuchapisha, hawajaribu kuondoa, na habari iliyoondolewa ndiyo hasa ambayo haipaswi kuendelea kuonekana. Kuna pia suala la mpangilio. Katika kihariri cha vipande (block editor), mada na taarifa za ziada zinahifadhiwa baada ya makala yenyewe, kwa hiyo ukifuta mapema mno kache inaweza kujazwa upya ikiwa na mada za zamani. Toleo la 5.6 la mwaka 2020 lilileta tukio la wp_after_insert_post kwa sababu hiyohiyo, na kama kache yako inategemea mada za makala, sioni sababu ya kutumia jingine.

Sasa, kufuta nini? Wavivu tunafuta vyote, na kwenye tovuti inayochapisha mara moja kwa wiki hakuna neno. Kwenye chumba cha habari ni jambo jingine. Kama kila marekebisho ya nukta na mkato yanafuta kila kitu, basi kwa vitendo tovuti haina kache, na haina wakati ule hasa inapoihitaji, kwa kuwa habari kubwa inapotokea ndipo wahariri wanapochapisha mfululizo na wasomaji wanapofurika. Kache ikishafutwa, maombi yote yanayofika kwa pamoja yanakuta patupu, na kila ombi linakwenda kuikokotoa menyu ileile kwenye hifadhidata ileile. Hifadhidata inaelemewa. Si ajabu kwamba Varnish, programu ya seva ya kache iliyotoka mwaka 2006 na ambayo leo imesimama mbele ya tovuti nyingi, ilianzia kwenye gazeti, Verdens Gang la Norwei. Ni magazeti yanayotaka kasi na upya kwa wakati mmoja, na hayawezi kukubali kupoteza kimoja.

Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona ni lebo za kache za Drupal, mfumo mwingine wa kusimamia maudhui, zilizoingia na toleo la 8 mwaka 2015. Kila kinachowekwa kwenye kache kinaandikiwa kimetengenezwa kwa kutumia nini. Kipande kilichotumia makala namba 17 kinabeba lebo ya node:17. Makala hiyo ikibadilika, mfumo wenyewe unabatilisha kila kinachobeba lebo hiyo, kiwe kwenye ukurasa wa mwanzo au kwenye kisanduku cha pembeni ambacho hakuna anayekikumbuka. Msanidi hatakiwi kujua habari hiyo imetokea kurasa zipi. Anachotakiwa ni kusema kweli kuhusu alichotumia, na hapo lazima awe makini na orodha. Makala mpya haikuwemo kwenye orodha ya jana, kwa hiyo hakuna lebo yake popote. Orodha isipobeba na lebo ya node_list, makala hiyo itachapishwa na orodha haitashtuka. Hata ukiwa kwenye mfumo usio na lebo, wazo hili linajengeka bila taabu kubwa, na ningelijenga kabla ya kuongeza kache ya pili.

Yapo makosa yanayotokea hata pale kila kitu kimefungwa sawasawa, na hili hapa ni la kutisha kwa sababu halijirudii ukilitafuta. Msomaji anafungua ukurasa, kache ni tupu, seva inakwenda kusoma hifadhidata na kupata maneno ya zamani. Kabla haijayaandika kwenye kache, mhariri anachapisha na kifutaji kinafanya kazi yake. Kinafuta, lakini hakuna cha kufuta. Nusu sekunde baadaye seva ile inamaliza shughuli yake na kuyaweka maneno ya zamani kwenye kache. Ufutaji umeshapita, na maneno hayo yatakaa mpaka muda wake uishe au mtu achapishe tena. Kwenye tovuti yenye watu wachache huenda usilione kabisa. Kwenye tovuti yenye msongamano litakutembelea.

Wahandisi wa Facebook walieleza mwaka 2013 jinsi walivyolizuia kwenye memcache, kache yao ya kwenye kumbukumbu za seva: anayekuta patupu anapewa tokeni, yaani kibali cha kuandika, ufutaji unaibatilisha tokeni hiyo, na anayerudi na tokeni iliyobatilishwa haruhusiwi kuandika. Kwa tovuti za kawaida kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni kuweka namba ya toleo ndani ya ufunguo, yaani jina ambalo kitu kinahifadhiwa nalo kwenye kache. Kuchapisha kunaongeza namba badala ya kufuta. Seva inasoma namba kwanza, ndipo isome hifadhidata. Ikichelewa, itaandika chini ya namba ya zamani ambayo hakuna anayeiuliza tena. Cha kuzingatia ni kwamba namba iongezwe baada ya maudhui kuhifadhiwa, kamwe isiwe kabla. WordPress inatumia mtindo wa aina hii ndani yake, kwa alama ya wakati iitwayo last_changed.

Kuhusu tabaka za kache, neno moja tu: anza ndani uende nje. Ukisafisha seva ya mbele wakati kache ya msimbo bado ina menyu ya zamani, seva hiyo itajazwa upya kwa menyu hiyohiyo.

Kitufe cha kufuta vyote sikikatai. Kiwepo kwa dharura, kiwe mikononi mwa mafundi, na kila kinapobonyezwa ichukuliwe kwamba kuna hitilafu ya kutafutwa. Kikibonyezwa kila siku, hitilafu hiyo imeshageuzwa kuwa utaratibu wa kazi, na anayebeba mzigo wake ni mhariri.

Ninapokagua kazi ya namna hii nataka kwanza kache ijazwe. Majaribio mengi yanafaulu kwa sababu tu kache ilikuwa tupu tangu mwanzo, kwa hiyo fungua kurasa husika kwenye kila seva, moja moja, kwa anwani yake yenyewe bila kupitia kisambaza mzigo kinachogawa wasomaji kati ya seva, mpaka uhakikishe maneno ya zamani yameshikwa. Ndipo uchapishe, usome tena kwenye kila seva. Kisha iondoe habari hiyo. Kisha ibadilishe anwani yake. Kisha ipange ijichapishe usiku, wakati hakuna mtu aliyeingia kwenye mfumo, na asubuhi usome logi. Kila seva inatakiwa iwe na mstari unaotaja jina lake, ilichofuta, na saa. Seva isiyo na mstari huo ndiyo ya kuanza nayo.